Mashua ya Tanga Nyuma ya Gari: Uchaguzi wa Jinja na Mbale

Mashua ndogo ya tanga inayobebwa kwa trela huishi nchi kavu kuliko inavyoishi majini: hulala uani, husafiri barabarani, husukumwa kwa mikono hadi ufukoni, na saa inazoelea ni chache mno zikilinganishwa na hizo nyingine zote. Hata hivyo wanunuzi wengi huichagua kana kwamba itaishi ziwani, wakiuliza kasi yake na ukubwa wa tanga lake kabla ya kuuliza uzito wake, upana wake na muda unaotumika kuusimamisha mlingoti wake. Makala hii inafuata utaratibu wa kinyume, kwa sababu mashua inayomchosha mwenyewe kabla haijagusa maji huishia kuota kutu na ukoga chini ya mwembe, hata ikiwa nyepesi kama unyoya mbele ya upepo.

Suala hili lina uzito wa pekee mashariki mwa Uganda. Jinja ipo pale ambapo Mto Nile unatoka Ziwa Victoria, kwenye ghuba ambayo John Hanning Speke aliipa jina la Napoleon baada ya kufika kwenye maporomoko ya Ripon mwezi Julai 1862, na upande wa mashariki wa ghuba hiyo ipo klabu ya matanga, ingawa siku hizi jina lake hutajwa zaidi na watu wanaokwenda kula samaki au kufanya sherehe kuliko na mabaharia. Mbale, kwa upande wake, imekaa chini ya Mlima Elgon na haina ziwa. Mkazi wa Mbale anayetaka kutweka tanga anaweza kushika barabara ya Tirinyi, akavuka kinamasi cha Mto Mpologoma na kutokea Nakalama, karibu na Iganga, kisha akaendelea hadi Jinja. Anaweza pia kushuka kusini kwa njia ya Tororo na Busia hadi ufuko wa Majanji, au kupanda kaskazini kupitia Kumi hadi Ziwa Bisina. Kwake trela ndilo bandari. Hata mkazi wa Jinja, mwenye ziwa mlangoni, hulihitaji, kwa kuwa mashua iliyoachwa nangani hutaka mlinzi usiku na mchana, hupigwa na tufani za usiku, na mara nyingine huzingirwa na magugu maji mpaka isionekane.

Kubeba mashua kwa nchi kavu hadi ziwa hili si jambo geni. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley aliagiza mashua ya mbao nyepesi za mwerezi kwa fundi James Messenger wa Teddington, nchini Uingereza, yenye urefu wa futi 40 na upana wa futi 6, iliyoundwa ili ifunguliwe vipande vitano na kufungwa tena. Mashua hiyo, iliyoitwa Lady Alice, iliwasili Unguja ikiwa na kasoro ambayo kila mnunuzi wa leo angefaa kuifahamu: vipande vyake vilizidi uzito ambao wapagazi wangeweza kuubeba katika njia nyembamba za msafara, na ikabidi vikatwe upya hapo hapo Unguja kabla ya safari kuanza. Msafara uliondoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874 na kufika Kageyi, kusini mwa ziwa, mwishoni mwa Februari 1875, yaani baada ya siku zaidi ya 100, na mwezi Machi mashua ikateremshwa majini, ikalizunguka ziwa na kupita mbele ya maporomoko ya Ripon, mahali ilipo Jinja ya leo. Fundi wa Teddington alikuwa ameunda mashua nzuri. Alichokosa ni kipimo cha bega la mpagazi, ambaye mzigo wake wa kawaida ulikuwa kilo 30 hivi.

Hapo Kageyi alikuwepo mfanyabiashara kutoka pwani, Songoro, aliyekuwa amechagua njia nyingine: yeye alikuwa akiunda jahazi papo hapo ufukoni, kwa mbao za huko huko. Njia hizo mbili, ya kuunda chombo kando ya maji na ya kukibeba kutoka mbali, zimeendelea sambamba tangu wakati huo. Meli ya William Mackinnon ililetwa ikiwa vipande kutoka pwani na kushushwa majini Kisumu mwaka 1900, ilhali mitumbwi na mashua za wavuvi zimeendelea kuundwa Masese, Majanji na katika visiwa vya Buvuma bila kuonja barabara hata siku moja. Mtu wa trela anasimama katikati ya njia hizo mbili, na hapo ndipo shida yake inapoanzia.

Jambo la kwanza la kupima ni uzito, na uzito huo una sehemu tatu ambazo wauzaji hawapendi kuzitaja pamoja: mashua tupu, vifaa vyake, na trela lenyewe. Wayfarer, mashua ya wazi yenye urefu wa mita 4.82 iliyobuniwa na Ian Proctor wa Uingereza mwaka 1957, ina bodi la kilo 169 hivi. Ukiongeza mlingoti, matanga, makasia, nanga, kamba, majaketi ya kuokolea maisha na maji ya kunywa, unakaribia kilo 250, na trela la chuma la kuibeba haliwi chini ya kilo 100, mara nyingi 150. Jumla ni kama kilo 400. Uingereza ina kanuni inayofaa kuazimwa hata pale ambapo haina nguvu ya sheria: trela lisilo na breki zake lisizidi nusu ya uzito wa gari tupu linalolivuta, na kwa vyovyote lisizidi kilo 750. Gari dogo la aina ya Corolla, lenye uzito wa kilo 1,100 au 1,200, linaweza basi kuivuta Wayfarer kwa nafasi ya kutosha, mradi kitabu cha gari hilo kinaruhusu na gia na breki zake ni nzima. Mashua yenye chumba cha kulala ni jambo jingine kabisa. Catalina 22 ya Marekani, ambayo ni maarufu sana huko miongoni mwa mashua za trela, ina uzito wa tani moja hivi kabla ya trela kuhesabiwa. Inahitaji gari kubwa lenye nguvu, trela lenye breki, na mteremko wa saruji unaoingia ndani ya maji. Mahali penye vitu hivyo vyote kwa pamoja, kati ya Mbale na Jinja, si rahisi kupapata.

Hata mteremko unapokuwepo, haufai kuaminiwa. Ziwa Victoria hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka, na mwezi Mei 2020 kipimo cha maji cha Jinja kilifikia mita 13.42, kikaipita kwa wembamba wa unyasi rekodi iliyowekwa mwaka 1964, huku gati, bustani na mahoteli ya ufukoni yakifunikwa. Ufuko uliokuwa na changarawe ngumu mwaka mmoja unaweza kuwa tope mwaka unaofuata. Mashua ya kuvutwa kwa trela katika ziwa la namna hii ni ile ambayo watu wawili au watatu wanaweza kuishusha na kuipandisha kwa mikono juu ya nyasi, pasipo gari kukanyaga maji, na kwa hesabu hiyo kilo 170 ni mpaka wa juu.

Umbo la tumbo la mashua linafuata hoja hiyo hiyo. Mashua ya tanga inayokwenda bisho, yaani inayopanda dhidi ya upepo kwa kukata kushoto na kulia, huhitaji kitu kinachozama chini yake ili upepo usiisukume kando. Majahazi makubwa ya ziwani na ya bahari yana mkuku mrefu (mti wa chini kabisa wa chombo) na farumi, yaani uzito wa mawe au chuma unaowekwa tumboni ili chombo kisipinduke. Mashua ndogo ya trela haina farumi, bali hutumia uzito wa watu wanaokaa upande wa joshini, unakotoka upepo, na badala ya mkuku mrefu ina ubao mwembamba unaoshushwa kupitia mwanya wa katikati. Ubao huo upo wa aina mbili, na tofauti yake si ndogo kama inavyodhaniwa. Wa kwanza huchomekwa wima na kuchomolewa kwa juu. Ni rahisi kuutengeneza na ni mwepesi, lakini ukigonga mwamba hauna pa kwenda, hivyo hupasua bodi au kuisimamisha mashua ghafla na kuwatupa waliomo. Wa pili huzunguka kwenye msumari mmoja wa chuma, na ukigonga kitu hukunjika wenyewe kuelekea nyuma na kuingia katika ala yake. Kwa ghuba ya Napoleon, yenye miamba karibu na mlango wa Nile, na zaidi kwa maji ya Bisina na Kyoga, aina ya pili ndiyo inayofaa. Ziwa Kyoga halifiki mita 6 hata penye kina chake kirefu kabisa, na Bisina, iliyotambuliwa mwaka 2006 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa na ambayo ni makao ya aina ya mnana asiyepatikana nje ya Uganda, imetandwa na mayungiyungi sehemu nyingi. Magugu maji yaliyoenea Ziwa Victoria tangu mwisho wa miaka ya 1980, na ambayo tangu mwaka 1995 yamepunguzwa kwa kuachiliwa wadudu wanaoyala, hayajakwisha. Yakijizonga kwenye ubao, ubao hupandishwa, yakaachia, ukashushwa tena. Mashua yenye mkuku wa kudumu haina uwezo huo.

Kwa nini basi asichukue mtu mashua ya kawaida ya mvuvi, ambayo kila ufuko unayo na kila fundi wa Masese anaijua, akaiwekea trela? Jibu liko katika mbao zake. Mashua hizo huundwa kwa mbao nene za mvule au miti mingine migumu, zikapigiliwa misumari kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, kisha nyufa zikazibwa kwa pamba na kufunikwa kwa vipande vyembamba vya bati. Maji ndiyo yanayozifanya zisivuje: ubao ukilowa huvimba, ukabana pamba, na mwanya ukafunga. Mashua hiyo hiyo ikikaa wiki tatu juani Mbale, mbao husinyaa, pamba hulegea, na mtikisiko wa matuta ya barabarani humalizia kazi. Ikirudi majini huvuja kama chekecheo hadi ilowe upya. Zaidi ya hayo ni nzito mno. Fundi wa ufukoni hana kosa lolote hapo, kwa kuwa aliiunda mashua ya kulala majini.

Kwa trela vinafaa vitu vitatu: plaiwudi iliyopakwa gundi ya epoksi, faibaglasi, au plastiki nzito ya kumiminwa kwenye kalibu. Faibaglasi haijali kukauka, lakini haipendi kukaliwa na uzito mahali pamoja, hivyo trela lake lazima liwe na vitanda vipana vilivyovikwa zulia au mpira, na mkuku ukae juu ya rola na kubeba sehemu kubwa ya uzito. Bodi lililosafiri kilomita mia mbili likiwa limeegemea ncha mbili za chuma hupata nyufa za utando ambazo hazionekani mpaka liwekwe juani. Plastiki huvumilia mawe na watoto, ila ikipasuka hakuna fundi wa karibu wa kuiunganisha. Plaiwudi ndiyo ambayo mwenyeji anaweza kuishughulikia mwenyewe, nayo hupatikana kwa urahisi Jinja, mji wenye kiwanda chake cha plaiwudi. Tahadhari ni gundi inayoshikanisha tabaka zake, kwani plaiwudi ya kutengenezea kabati na ile inayovumilia maji hufanana kwa macho. Mafundi wana jaribio lisilohitaji maabara: kipande cha ukubwa wa kiganja hutiwa kwenye sufuria ya maji, kikachemshwa kwa saa kadhaa, kikakaushwa kabisa, kikachemshwa tena. Tabaka zikianza kufunguka pembeni kama kurasa, ubao huo ni wa kabati. Zikibaki zimeshikamana, na kisu kikishindwa kuingia kati yake, inafaa kuendelea na hesabu.

Mashua iliyofungua njia ya ujenzi wa namna hiyo kwa watu wa kawaida ni Mirror, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1962 na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell kwa udhamini wa gazeti la Daily Mirror, na ambayo zimekwisha kuundwa zaidi ya 70,000. Ina urefu wa mita 3.3 na uzito wa kilo 45 hivi. Vipande vyake vya plaiwudi hutobolewa matundu pembeni, vikashonwa kwa waya wa shaba, kisha maungio yakafunikwa kwa utepe wa faibaglasi na gundi, pasipo mataruma mengi wala vifaa vya karakana kubwa. Msomaji wa pwani ataukumbuka mtepe wa Lamu, ulioshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na msomaji wa Uganda ataikumbuka mitumbwi mirefu ya Ssese, ambayo mbao zake zilishonwa kwa nyuzi za miwaa na ambayo ndiyo iliyokuwa jeshi la majini la Kabaka Mutesa wakati Lady Alice ilipofika. Kushona chombo si ujuzi ulioletwa na Mirror. Kilicholetwa ni gundi tu.

Mirror ina sifa nyingine inayoihusu barabara moja kwa moja. Tanga lake kubwa hubebwa na mlingoti mfupi na foromali, yaani mti wa kushikilia tanga, ambayo hupandishwa kwa henza, kamba ya kupandishia tanga, mpaka ikasimama wima na kuurefusha mlingoti. Vikiteremshwa, mlingoti, foromali na boriti ya chini ya tanga vyote huingia ndani ya urefu wa mashua yenyewe, pasipo kitu kuchomoza nyuma. Watu wanaodharau jambo hili hawajawahi kupita katikati ya Iganga siku ya soko wakiwa na mlingoti wa mita sita unaotokeza nyuma ya trela na bodaboda wakipenya kila upande. Pale mlingoti unapolazimika kutokeza, ufungwe kitambaa chekundu mchana na taa usiku, na ncha yake ifungwe mahali pawili, kwa kuwa kamba moja hulegea kila mara. Laser, ambayo siku hizi inaitwa ILCA, iliyobuniwa na Bruce Kirby wa Kanada na kuanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilitatua tatizo hilo kwa mlingoti wa mabomba mawili yanayochomekana, usio na kamba hata moja ya kuushikilia. Bodi lake la kilo 59 hushushwa na mtu mmoja na huwa tayari kwa dakika chache. Dosari yake ni kwamba inambeba mtu mmoja tu kwa raha, aliyelowa tangu mwanzo hadi mwisho.

Muda wa kusimamisha mlingoti ndio unaoamua mashua itatumika mara ngapi. Mtu wa Mbale anayeondoka alfajiri na kufika Jinja saa nne asubuhi hawezi kutumia saa nzima kufunga kamba na kurudia kiasi hicho jioni, kwa kuwa siku yake itakuwa imeliwa na ufuko. Nusu saa ni kipimo cha haki, nayo ijaribiwe uani kwa muuzaji kabla ya fedha kutolewa. Na palipo na nyaya za umeme, mlingoti wa aluminiamu usisimamishwe kamwe kabla ya kutazama juu, wala trela lisisogezwe mlingoti ukiwa umesimama. Ajali ya namna hii imeua mabaharia katika nchi nyingi, na fuko za Jinja zina nyaya zake.

Trela lenyewe huwa halipewi heshima linayostahili, ilhali ndilo linaloharibika kwanza. Beringi za magurudumu hupata joto barabarani. Zikitumbukizwa ziwani zingali moto, hewa iliyomo ndani hupoa na kusinyaa, ikafyonza maji yaliyochanganyika na mchanga, na wiki chache baadaye gurudumu huvuma, likatoa moshi, na mara nyingine likachomoka. Dawa iliyo bora kuliko kuongeza grisi ni kutoliingiza trela majini kabisa. Mashua ndogo nyingi huuzwa na trela la sehemu mbili: kitoroli chepesi cha kusukumwa kwa mkono, kinachokaliwa na mashua siku zote, na fremu ya barabarani ambayo kitoroli hicho hupanda juu yake na kufungwa. Ufukoni fremu hubaki nyasini na gari, na kitoroli peke yake ndicho kinacholowa. Fundi yeyote wa kuchomelea vyuma mjini anaweza kuitengeneza akipewa vipimo, na inafaa aambiwe achague tairi na beringi za gari ambalo vipuri vyake vinauzwa hadi Namutumba na Budaka.

Jinsi mashua inavyokaa juu ya trela nayo ina kanuni yake. Uzito unaokandamiza donge la chuma nyuma ya gari uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote wa trela na mzigo wake. Ukiwa mdogo kuliko hapo, trela huanza kuyumba kushoto na kulia gari linapokwenda kasi au linapopitwa na lori. Ukiwa mkubwa, nyuma ya gari huzama na usukani huwa mwepesi kwa namna ya hatari. Uzito huo hurekebishwa kwa kuisogeza mashua mbele au nyuma kiasi cha kiganja kimoja, na hupimwa kwa mizani ya kawaida ya dukani iliyowekwa chini ya mkono wa trela.

Maji ya Jinja yanastahili kufahamika kabla ya chaguo kukamilika. Mchana upepo kwa kawaida hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na usiku hugeuka. Kwa hiyo mashua iliyotoka Jinja asubuhi mara nyingi hurudishwa nyumbani na upepo wa mchana, jambo jema kwa mwanagenzi. Tufani za radi, hata hivyo, huja kwa ghafla, zikiwa na upepo unaotangulia mvua, na mashua ifaayo hapa ni ile ambayo tanga lake linaweza kupunguzwa kwa haraka kwa kukunjwa sehemu ya chini, na ambayo ikipinduka hubaki ikielea kwa vyumba vyake vya hewa na kusimamishwa tena na waliomo. Upande wa magharibi, karibu na Bugungu, kuna vizimba vya kufugia samaki, na nyavu zimetandazwa mahali pengi. Mkondo wa Nile huanza kuvuta mbele ya mnara wa Speke, na maporomoko ya Ripon, yaliyozama baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, hayatoi tena onyo la kishindo. Chini yake kuna daraja la reli na kisha bwawa. Mashua isiyo na makasia haina ruhusa ya akili kukaribia hapo wakati upepo ni dhaifu.

Kuna hatari nyingine ambayo vitabu vya mabaharia wa Ulaya havina sababu ya kuitaja. Kichocho, ugonjwa wa minyoo wanaopenya ngozi kutoka kwenye maji wanamoishi konokono wa aina fulani, huambukizwa zaidi katika maji ya kina kifupi yenye matete na majani, yaani mahali pale pale ambapo mtu wa trela husimama hadi magotini akiishikilia mashua yake. Mashua nyepesi inayoteremshwa kwa msukumo mmoja, buti ndefu za mpira, na kupimwa hospitalini kila baada ya muda ni sehemu za gharama ya mchezo huu sawa na kamba na rangi.

Sheria nayo isisahaulike. Uganda ina Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021, inayohusu usajili wa vyombo na usalama wa waliomo, nayo ilitungwa nchi ikiwa bado inawakumbuka watu zaidi ya 30 waliokufa mwezi Novemba 2018 mashua ya starehe ilipozama karibu na pwani ya Mukono. Tena, boti za uvuvi zilizo fupi kuliko futi 28, sawa na mita 8.5, zimepigwa marufuku Ziwa Victoria, na mwaka 2017 jeshi lilianza kusimamia marufuku hiyo. Mashua ya tanga ya mita 4 au 5 si ya uvuvi, lakini kwa mbali haijitambulishi. Mwenye nayo abebe nakala za hati zake katika mfuko usioingia maji, asibebe nyavu, na kabla ya kushusha chombo ajitambulishe kwa viongozi wa ufuko.

Kwa familia ya Jinja au Mbale yenye gari dogo, basi, chaguo lenye hoja nyingi zaidi ni mashua ya wazi ya mita 4 hadi 5, ya plaiwudi au faibaglasi, yenye ubao unaokunjika. Wayfarer ndiyo mfano wake ulio bora, na anayedhani mashua ya wazi ni kitu cha kuchezea akumbuke kwamba Frank Dye aliisafiri ya aina hiyo kutoka Uskoti hadi Iceland mwaka 1963. Mwenye fedha kidogo na mikono miwili ataunda Mirror, na kijana wa peke yake atatafuta Laser iliyotumika. Mashua iliyotumika ikaguliwe kuanzia chini kwenda juu: kwanza ekseli na springi za trela, kisha mwanya wa ubao, ambao ndio uvujao kabla ya sehemu nyingine yoyote, kisha vyumba vya hewa, ambavyo hufunguliwa na kunuswa, kwa kuwa harufu ya uvundo husema zaidi kuliko muuzaji. Matanga huangaliwa mwisho. Tanga kuukuu hushoneka, na mafundi cherehani hawajawahi kukosekana Jinja wala Mbale.